Neno la Siri pa Mazabahu

“Hata shetani mwenyewe akikuya na telefone ya laini mbili, kwa Fesibuku yangu haingie! Ataungua vidole!”

Maneno hayo Mama Colette hakuyasemea jikoni. Aliyasema Siku ya Mungu, wakati wa ushuhuda, mikro mukononi, mbele ya watu mia mbili na kinanda. Wiki ile wezi wa mutandao walikuwa wameingia kwenye akaunti ya muuza vitenge mumoja wa soko la Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, wakawaandikia rafiki zake wote kwamba amelazwa, anahitaji damu na kwacha mia tano. Kwacha zilitumwa. Damu hakuna aliyetuma. Sasa soko lote lilikuwa linashika simu kama mutu anayeshika nyoka, na Colette peke yake ndiye aliyesimama kujisifu.

Kinanda kikajibu, watu wakaitika amina. Amina ndefu kuliko zote ilitoka kwa Mama Cadette, muombezi wa kanisa. Alikuwa na haki ya kufurahi, maana ulinzi ule uliosifiwa ulikuwa kazi ya mikono yake.

Colette ana miaka arobaini na minne na sauti ya kuita mutumbwi urudi. Alizaliwa ngambo ya ziwa, Kongo, upande wa Pweto, na mwaka vita ilipofika kwao alivuka ziwa na beseni moja, mashuka mawili, na Cadette. Cadette hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mudogo kwake kwa miaka mitano. Katikati ya ziwa maji yakaanza kuingia, mwenye mutumbwi akapiga kelele watu watupe mizigo. Cadette akatupa mufuko wake wenye nguo zote, na mukono mwingine akashika beseni la Colette lisitupwe.

“Yaya, beseni njo kazi,” alisema, maana dada mukubwa kwao huitwa Yaya. “Manguo tutaomba kwa batu.”

Kwa beseni lile Colette alianza kuuza chisense, tusamaki tule twembamba kama sindano, tunaokaushwa juu ya muchanga. Tangu siku ile, ukimuuliza ana ndugu wangapi Zambia, alijibu: “Mumoja, lakini anatosha.” Cadette alibaki Mantapala, kambi ya wakimbizi, na shamba la muhogo, na kila Posho, yaani Juma Mosi, alikuja Kashikishi kulala kwa Yaya, kitanda kimoja, hadi ibada ya kesho yake. Colette alipokwenda Lubumbashi kutafuta wateja, alinunua simu mbili za aina moja, ambazo hapa ziwani hazijulikani. Moja yake, moja ya mudogo wake. Muuzaji alimupunguzia bei akidhani ni mapacha.

Duka Colette hana. Ana meza ya miti sokoni, na ana Fesibuku. Gunia likijaa, anaandika jina la muteja juu yake kwa makaa, anasimama pembeni, anajipiga picha: uso wake, gunia, jina. Picha inaenda Kitwe, inaenda Lubumbashi, inaenda Kasumbalesa, na muteja anatuma akompti, zile pesa za kushikia mali, kabla hajaona hata mukia wa samaki. Karatasi hakuna, muhuri hakuna. Mama Claire wa Kasumbalesa, mwenye kuchukua magunia kumi kwa safari moja, alinunua hivyo miaka sita bila kukanyaga Nchelenge hata siku moja. Kwa hiyo, mutu akimuibia Colette meza, atakata miti mingine. Akimuibia ule uso, amemuibia yote.

Ndiyo maana aliupeleka kanisani.

Kanisa lao, Mulango wa Rehema, lina desturi ya kila mwezi inayoitwa Ijumaa ya Kukabizi. Unaandika kwa karatasi kitu unachotaka Mungu alinde: mutumbwi, shamba, mutihani wa mutoto, bwana mwenye macho mengi. Unaifunga katika bahasha ya kanisa, unaitumbukiza ndani ya sanduku la mbao pa mazabahu. Muombezi, anayeshuka kutoka Mantapala siku hiyo, anatia kufuli, anakaa siku saba bila kula muchana, kisha bahasha zote zinachomwa bila kufunguliwa. Bahasha zenyewe anaziuza muombezi pale mulangoni, kwa faida ya bati la paa.

Wengine waliandika tu “biashara yangu”. Colette aliona huo ni uvivu. Yeye aliandika neno lake la siri lote, herufi kubwa fasi ya herufi kubwa, namba fasi ya namba.

“Ukiandika sentinele wa kulinda nyumba,” alimueleza Cadette, “si unamuonyesha mulango? Mungu atalinda namna gani kintu yenye hajue?”

“Yaya, imani yako inanishinda,” Cadette alisema, akapokea bahasha kwa mikono miwili.

Ushuhuda ule wa shetani kuungua vidole ulikuwa mwisho wa mwezi wa pili. Ziwa, ambalo hufungwa Desemba ili samaki wazae, likafunguliwa Machi kama kila mwaka, na wateja wakaanza kugombania magunia ya kwanza. Siku ya tano Colette akafungua simu, Fesibuku ikamukatalia. Neno la siri si sahihi. Akarudia polepole, kama mutu anayesema na muzee kiziwi. Si sahihi. Na wakati yeye yuko nje, “Mama Colette” mwingine alikuwa ndani anawaandikia wateja: ziwa limefunguliwa mpenzi wangu, tuma akompti kwa namba hii mupya.

Kumi na mumoja walituma.

Mutengenezaji wa simu pale bandarini anaitwa Chadrack, baba wa watoto watatu, mwenye hereni sikio moja na mudomo unaofanya kazi kuliko mikono. Anakaa chini ya mwavuli uliopasuka. Alimurudishia akaunti kwa kutumia namba yake ya simu, akamubadilishia neno la siri, akamutazama machoni.

“Mama Colette, ii mot de passe mupya, usiambie mutu. Hata bwana yako.”

“Sina bwana.”

“Basi umeisha kuwa salama nusu.”

Colette aliapa hatamwambia mutu, na hakumwambia. Mungu si mutu. Ijumaa ya mwezi ule alinunua bahasha.

Mara ya pili mwizi alikuwa na adabu. Neno la siri hakuligusa. Aliingia, akaandika, akafuta, akatoka, kama mugeni aliyezoea nyumba na anayejua mulango gani unalia. Colette asingejua kitu kama Claire asingemutumia ujumbe wa sauti: “We Colette, akompti nilituma Juma Tatu, leo unaomba ingine? Ziwa yenu inakula franga ao samaki?”

Pa soko maneno yakaanza kutembea. Chabu, Mubemba wa meza ya pembeni, mwenye Kiswahili cha kuuzia tu lakini kinachomutosha kwa matusi, akamuuliza kwa sauti, wateja wakisikia: “Ba Mama Colette, shetani iko na vidole ngapi ya kubaki?”

Wanawake wakacheka mpaka mizani ikatikisika. Colette naye akacheka, juu ya aibu. Lakini kicheko hakikuishia pale. Jioni ya siku ileile mama mumoja akasema pa kisima kwamba hakuna mwizi yoyote, Colette anajiiba mwenyewe: anakula akompti, halafu analia. Neno hilo lilifika Kasumbalesa kabla ya lori.

Claire akapiga simu. Mara hii hakutania.

“Colette, mi nakupenda. Lakini ikifanyika mara ya tatu, jina yako nafuta. Na nitaambia bamama bote ba huku. Sitasema weye mwizi. Nitasema tu vile nimeona.”

“Haitafanyika.”

“Nilikusikia ukisema ivyo.”

Usingizi ukamukimbia. Posho ile Cadette alipofika kutoka Mantapala, alimukuta Yaya hajapika. Akapika yeye bukari, ugali wao wa muhogo, akamubembeleza ale, akamushika magoti, akaomba kwa machozi hadi jirani akajibu amina kupitia ukuta. “Bwana, fichua muovu!” alilia. “Umuvue nguo mbele ya batu!” Colette alilala kidogo siku ile, shingo juu ya mukono wa mudogo wake.

Asubuhi ya Juma Tatu alirudi kwa Chadrack. Chadrack akaacha utani, jambo ambalo kwake ni kama kufunga. Akabadilisha tena neno la siri, akaweka na kufuli ya pili: tangu sasa, mutu akitaka kuingia kwa simu isiyojulikana, neno la siri peke yake halitoshi, Fesibuku itatuma namba kwenye simu ya Colette, na bila namba ile haingii. Halafu akanakili namba kumi kwenye karatasi.

“Na hizi?”

“Hizi njo funguo za akiba. Telefone yako ikianguka mu maji, kila moja inafungua mara moja. Sasa nisikie muzuri, Mama. Mwenye eko na mot de passe pamoja na hii karatasi, njo weye. Ficha fasi yenye mukono wa mutu haifike.”

Colette alifikiria. Chini ya godoro? Watoto wa jirani. Ndani ya Biblia? Biblia inaazimwa. Fasi moja tu alijua ambako mukono wa mutu haufiki, ambako kufuli inafunguliwa na moto tu. Aliandika neno jipya la siri juu ya karatasi ileile, chini akaongeza, “Baba, linda na hizi kumi,” akalamba bahasha, na Ijumaa akaitumbukiza sandukuni. Cadette alifunga sanduku mbele ya macho yake na kutikisa kufuli mara mbili ili Yaya asikie.

Siku ya nne Claire alimutumia picha ya ujumbe. Ulitoka kwa Colette, na picha yake ya uso, na hata lile neno lake la kuwaita wateja, “bakwetu”. Uliomba akompti ya magunia ishirini. Chini ya picha Claire aliandika neno moja: “Tatu.”

Colette alishuka bandarini bila viatu.

“Weye njo mwizi!” Sauti ya kuita mutumbwi ilirudisha mitumbwi miwili. “Chadrack! Weye uliandika, weye ulinakili, weye peke yako ulijua! Na ile hereni yako ya kishetani! Batoto bako banakula chisense yangu!”

Watu wakajaa. Chadrack aliweka chini bisibisi yake.

“Mama, umemaliza?”

“Sijamaliza!”

“Basi utamalizia ukikaa. Leta telefone.”

Akaifungua, akaingia kule Fesibuku inakoweka orodha ya simu zote zilizo ndani ya akaunti. Akaisoma, akakunja uso, akaisoma tena.

“Mama Colette, uko na telefone ngapi?”

“Moja.”

“Hapa iko mbili. Iko moja imeandikwa ‘kifaa hiki’, njo hii tumeshika. Ingine iliingia jana saa tano ya muchana, hapahapa Nchelenge, na namba ya akiba. Namba ya kwanza ya ile karatasi.” Akageuza kioo ili aone. “Mais ni aina moja na yako. Ileile. Mi hapa natengeneza telefone miaka nane. Aina hii naliona moja tu. Yako.”

Kelele zote za bandari ziliendelea, lakini kwa Colette ilikuwa kama mutu amezima redio. Alitazama ile mistari miwili iliyofuatana. Jina moja la simu, mara mbili. Akakumbuka muuzaji wa Lubumbashi akicheka: mapacha.

“Mama? Unaijua?”

“Itoe,” alisema.

“Nimeitoa. Lakini unaijua?”

“Chadrack, mutoto wangu, unisamehe juu ya hereni.”

Alipanda pikipiki hadi Mantapala. Njiani aliitafutia ile simu njia nyingine zote. Labda imeibiwa. Labda ameiazimisha kwa Hervé, shemeji yake mwenye deni kila kona. Labda aliiuza na kuogopa kusema. Kila labda aliipenda, akaishika, na kila moja ilimutoka mukononi kabla ya kona iliyofuata.

Cadette alikuwa amekaa uani anamenya muhogo. Simu ilikuwa juu ya kigoda, waya umeunganishwa kwa kibao kidogo cha jua.

“Yaya! Leo Juma Tatu, kuna matanga?”

“Nipe telefone yako.”

Cadette hakuuliza kwa nini. Ndipo Colette alipojua. Mutu asiye na kosa angeuliza.

“Yaya, keti kwanza.”

“Bahasha ulifungua na nini?”

Kisu kikaendelea kumenya, kipande kimoja, cha pili.

“Mvuke,” Cadette alisema. “Mvuke ya chungu. Inafunguka bila kupasuka. Halafu unafunga tena.”

“Na zile mbili za kwanza ukazichoma mbele yangu.”

“Nilizichoma. Njo sheria.”

“Ulilia kwangu, Cadette. Ulinishika magoti. Ulisema Mungu amuvue nguo.”

“Nililia ya kweli.” Sasa akainua uso, na uso haukuwa wa mutu mwenye haya. Ulikuwa wa mutu aliyengoja kuulizwa kwa muda mrefu. “Unazani zile machozi niliiga? Mi nafunga juu yako. Siku saba, kila mwezi, tumbo yangu mi, samaki yako weye. Lori yako ilianguka? Haikuanguka. Muteja alikukimbia? Hakukimbia. Juu ya nini, unazani? Juu ya picha? Pa kanisa ukashika mikro, ukasema Fesibuku YANGU. Hata jina langu hukutaja. Ukakaa.”

“Ungeniambia.”

“Na ile beseni? Nilitupa manguo yangu yote, Yaya. Yote. Nilifika Zambia na kitenge moja. Weye ukafanya beseni ikuwe soko, ikuwe Fesibuku, ikuwe Lubumbashi. Mi ulinipa nini?”

Colette alitazama kile kigoda.

“Telefone,” alisema.

Kuku akapita katikati yao. Colette alikuwa amejiandaa kwa matusi njia nzima, matusi mazuri, mengine ya Kibemba. Sasa alitafuta moja hakulipata. Alichopata ni jambo dogo la kijinga: kwamba Posho inayokuja hajui atalala upande gani wa kitanda.

“Bale bateja balikuwa banazani ni mi,” alisema. “Ulipoandika ‘bakwetu’. Uliniandika muzuri kabisa.”

“Nakujua.”

“Ee. Hilo ndilo.”

Aliondoka kwa miguu hadi barabarani.

Jioni alimupigia Claire simu ya picha, amesimama kando ya maji, bila kilemba, ili uso uonekane wote.

“Mwizi nilimupata. Mulango nilifungua mi mwenyewe. Niliandika mot de passe kwa karatasi ya maombi.”

Claire alisogeza uso karibu na kioo. “Karatasi ya maombi. Yesu. Na nani alisoma?”

Angeweza kusema “mutu wa kanisa”. Alifungua mudomo aseme hivyo.

“Cadette.”

“Cadette gani? Wa beseni?”

Colette alikuwa amesahau kwamba hadithi ya beseni aliwasimulia wateja wote, kila mumoja, miaka sita.

“Wa beseni.”

“Ah, mama yangu wee.” Claire alijifuta uso kana kwamba ndiye aliyeibiwa. “Nakuamini, Colette. Bamama nitabaambia nakuamini. Lakini akompti, imekwisha. Utatuma gunia, nikishika na mukono, njo nitalipa. Hata mi, ningekuwa na mudogo wa beseni, ningefanya vile ulifanya. Njo maana naogopa.”

Sasa akaunti ya Colette iko salama. Neno la siri liko kichwani, funguo za akiba kumi mupya ziko fasi ambayo hata Chadrack hajui, na kila mwisho wa mwezi anaisoma ile orodha ya simu: mustari mumoja. Alikuwa na haki ya kusimama na mikro na kushuhudia. Hakusimama. Siku ya Mungu iliyofuata alingoja ibada iishe, akamufuata muchungaji Roger nyuma ya kinanda, akamueleza yote: mvuke, sanduku, namba kumi.

Muchungaji alisikiliza kichwa kikiwa chini. Ni mutu mwema. Bati la paa lilikuwa limefika nusu.

“Mama Colette, hili ni jambo zito. Tukilisema haraka, tutavunja kanisa. Kanisa si polisi.”

“Beko bengine ndani ya lile sanduku, Pasta. Mutihani ya batoto. Karatasi ya mashamba. Anazisoma.”

“Nimesikia. Nimesikia kabisa.” Akamushika bega. “Andika mambo haya yote kwa karatasi. Taja kila kitu. Uifunge muzuri, uiweke pa mazabahu Ijumaa ya Kukabizi inayokuja. Tulikabizi. Siku saba, tuone Bwana atasema nini.”

Colette alitoka kwa mulango mukubwa, maana hakuna mwingine. Pale nje Cadette alikuwa amekaa nyuma ya kimeza chake, kitambaa cheupe, bahasha zimepangwa vizuri, kopo la chenji pembeni. Watu walikuwa wamesimama mustari, akina mama wa soko, wavuvi, Chabu naye. Cadette hakuinua macho.

Bahasha moja ni kwacha mbili.